Mrejesho: Imani yangu baada ya mtaji kukata

Shalom wapendwa. Niliuliza mtu anakuaje kiroho wakati mtaji umekata, kodi ya chumba Mbagala inadaiwa na maombi hayajibiwi. Asanteni kwa majibu.

Wengi mlinipeleka Warumi 5, kwamba dhiki huleta saburi. Ni kweli, ila kwa hali niliyokuwa nayo mistari ile ilinichosha tu. Kilichonishika ni Zaburi 88, aliyonitajia mmoja wenu. Zaburi nyingi za kilio hugeuka sifa kabla ya mwisho. Hii inaishia gizani, na bado imo kwenye Biblia! Nikaanza kusali hivyohivyo, bila kupamba. Kisha Ayubu: rafiki zake walikaa naye kimya siku 7, walipofungua midomo ndipo wakaharibu. (Na kwetu wapo, wale wa "una dhambi ya siri".)

Mtaji bado. Nauza maandazi Rangi Tatu asubuhi. Mzee wa jumuiya aliniombea kwa mama mwenye nyumba, kanisogezea kodi hadi mwezi ujao. Sala zangu zimekuwa fupi, na simwekei tena Mungu masharti. Nikifika Ayubu 38, Mungu anapojibu, nitakuja na maswali mengine.