Mama kachomwa heparini, pleitileti zimeshuka ghafla

binti_wa_pili: Jamani naogopa, mama kafanyiwa opresheni ya nyonga akawa anachomwa heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), siku ya 7 pleitileti (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) zikatoka 240 elfu hadi 80 elfu na mguu umevimba unang'aa, daktari kasema mwili umeikataa dawa. Mbona pleitileti zinashuka halafu damu inaganda?

Nesi wa zamu: Pole sana mdogo wangu. Hiyo ni HIT, yaani pleitileti kushuka kwa sababu ya heparini: kinga ya mwili inatengeneza antibodi dhidi ya heparini ikishaungana na protini ya pleitileti, basi pleitileti zinaamka zinagandana zenyewe ndo maana zinaisha, mara nyingi siku ya 5 hadi 10. Heparini yote isimamishwe hata ile ya kusukumia kanula (kale kamrija ka kwenye mshipa), watu wanaisahau hiyo!! Na enoksaparini pia asipewe, nayo ni aina ya heparini.

Baba Zuu: Kusimamisha peke yake haitoshi, lazima apewe nyingine ya kuzuia kuganda kama agatrobani au fondaparinaksi. Wafarini (dawa nyingine ya kuzuia kuganda) wasubiri kuianza mpaka pleitileti zifike 150 elfu, ikianzishwa mapema inaweza kuozesha ngozi.

binti_wa_pili: Asanteni mno, nimemuuliza nesi kuhusu kanula ameitoa ile chupa hapohapo, na faili limeandikwa kwa wino mwekundu ASIPEWE HEPARINI.