Ndege wa uani kwako: tupeane uzoefu

MkaaKibarazani, Tanga: Wakuu, leo alfajiri dudumizi kalia kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, ile sauti ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, nikalikimbilia daftari. Huwa naandika kila ndege ninayemwona uani: tarehe, saa, mti, alikuwa anafanya nini. Wenzangu mnaofanya hivi mko wapi?

BintiMpera, Kinondoni: Mie niliandika kwa raha mpaka kunguru waliponivunja moyo. Shorewanda walijenga kwenye mpera karibu na dirisha la jikoni. Nimeandika siku walipoanza kubeba nyasi, siku ya yai la kwanza, siku makinda yalipofumbua macho. Asubuhi moja nasikia kelele. Kunguru mmoja anamchokoza mama mpaka juu ya ukuta, mwenzake kaingia kiotani. Nimetoka na ufagio napiga mayowe, jirani anauliza kuna mwizi? Walishabeba wote. Baba mtu akaja na kiwavi mdomoni, anaruka tawi hadi tawi anaita. Sikuweza kuandika chochote siku ile.

PwaniDamu: Pole dada. Kwangu wamemaliza vifaranga vya kuku. Wawekewe sumu wote.

MzeeWaMwembe: Kunguru ni kiumbe wa Mungu, na taka anatusafishia.

BintiMpera: Shikamoo mzee, lakini hapana. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wakavuka hadi bara. Wetu ni yule mwenye kifua cheupe. Waulize watu wa Dar wamemwona lini mara ya mwisho.

MzeeWaMwembe: Marahaba. Mwenye kifua cheupe nimekua naye, hilo nakubali. Sumu siungi mkono. Akiila paka wa mtu je?

JiraniWaBundi, Morogoro: Nyie mnalia na kunguru, mimi nusura nifukuzwe mtaani. Bundi mwenye uso mweupe alihamia darini kwangu. Nikawa nakaa uani usiku na tochi, naandika saa anazotoka na kurudi. Wiki ileile bibi wa nyumba ya pili akafariki. Wakaja wanaume na mjumbe: eti nafuga bundi, na kwenye daftari naandika majina ya watu. Mjumbe akalichukua, akasoma kwa sauti mbele ya wote. "Saa 1:40 usiku, katoka. Saa 2:15, karudi na panya." Akafunua ukurasa mwingine: panya. Mwingine: panya. Nikaleta vile vidonge anavyotapika, nikapasua kimoja, mafuvu ya panya yamejaa mle. Mama mmoja mwenye stoo ya mahindi akauliza kama naweza kumpatia kinda.

PwaniDamu: Hata ale panya wa mkoa mzima, bundi kwangu hakai.

KwararaWaKasarani: Jamani, madaftari hayo yasiliwe na mchwa! Huku kuna Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wanapatikana wapi. Nchi imegawanywa miraba ya kama kilomita 9 kwa 9. Unaangalia angalau saa 2, unaandika ndege kwa mpangilio ule ule uliowaona, unatuma kwa simu. Na uani kwako kunahesabika.

JiraniWaBundi: Tanzania nayo ina atlasi yake ya ndege. Rekodi za zamani ndizo zinazoonyesha nani katoweka.

ChoziMtamu: Wekeni beseni la maji, watashuka wenyewe.

MzeeWaMwembe: Mbu hao.

ChoziMtamu: Maji yanabadilishwa kila asubuhi, mzee. Na paka afungiwe.

PwaniDamu: Fuga mbwa, umemaliza.

BintiMpera: JiraniWaBundi, bado yupo?

JiraniWaBundi: Yupo. Mama wa mahindi ndiye anayemtetea sasa, watoto wakirusha mawe anatoka na mwiko.

MkaaKibarazani: Nami nina swali. Mnana wamechana makuti ya mnazi wangu mpaka umebaki vijiti, viota vimejaa. Mke wangu anataka niukate. Nani alishawaacha mpaka wakamaliza kulea, mnazi ukapona?