Naomba ushauri: kutia rangi rezini ya ubao wa ziwani

Jambo ndugu zangu. Niko Goma, natengeneza ubao wa kupigia kasia nimesimama, hapa Ziwa Kivu. Ndani ni frigoliti, ile nyeupe inayofungiwa televisheni, ndiyo maana nimechagua rezini ya epoksi, ile gundi ya maji inayolowesha kitambaa cha fibaglasi kisha ikaganda ngumu. Ya poliesta ingeiyeyusha. Juu nataka bluu inayopitisha mwanga, nyuzi za fibaglasi zionekane kidogo. Chini nyeupe nzito.

Najua rangi huchanganywa kwanza, kisha dawa ya kukausha, na rangi ikizidi rezini haigandi vizuri. Sasa, gramu ngapi kwa kilo moja? Na rangi ya unga ya saruji inafaa, au italeta madoa? Madoa ndiyo yananinyima usingizi, maana bluu ya kupitisha mwanga haifichi kitu. Mwenye ujuzi anisaidie kabla sijamimina.