Tanki la mama Newala: lita ngapi?

Wanajamvi salaam,

Mdogo wenu wa London. Nyumba ya mama huko Newala, mkoani Mtwara, imeshapigwa bati, sasa fundi anasema tanki la maji ya mvua la lita 2,000 linatosha kabisa, "huku mvua ipo". Mie hapa nina pipa la lita 200 bustanini, sijaliona likikauka hata siku moja. Nimsikilize?

---

Mdogo wangu, usimsikilize. Na pipa lako nalo linakudanganya.

London inapata milimita 600 hivi za mvua kwa mwaka, Newala inaipita mbali. Ila ya kwenu inadondoka kidogo kidogo mwaka mzima, pipa linajazwa kabla halijaisha. Kwetu kusini hakuna cha vuli na masika kama Dar. Ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili hivi, kisha kiangazi hadi Oktoba. Mimi niliko, Muscat, ni kama milimita 100 kwa mwaka. Hapa hata uwe na bati la ukubwa wa godauni, utavuna vumbi.

Kwa hiyo jumla ya mwaka iangalie, lakini hesabu miezi mikavu. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lipime kwa chini, urefu mara upana pamoja na uvungu wa bati, usifuate mteremko. Tuseme mita za mraba 80, mvua milimita 900, toa sehemu moja kwa tano inayorukia nje: 57,600. Maji yapo tele! Haya, mama na wajukuu watatu, ndoo ya lita 20 kila mmoja kwa siku, siku 180: 14,400. La fundi lingeisha siku ya 25, mikorosho haijaanza hata kutoa maua.

Takwimu za mwezi kwa mwezi omba Mamlaka ya Hali ya Hewa, miaka 30 ikipatikana. Pale pasipo kituo kuna CHIRPS, makadirio ya setilaiti tangu 1981, bure mtandaoni. Usichukue wastani. Tafuta mwaka mbaya, ule mvua ilipokata mapema, ujenge kwa huo. Na mwaka wa neema usikulevye: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ilikatika Somanga kwa maji, na tanki likishajaa limejaa.

---

Shikamooni kaka zangu. Niko Mtwara mjini, naongeza moja tu ambalo rekodi haisemi: salfa. Kiangazi watu wanapuliza mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na unga ule unatua kwenye mabati. Mwaka wa kwanza sikujua, nikafungulia gata mvua ya kwanza. Maji yakatoka na ukungu wa njano, yananuka kibiriti. Sasa mvua mbili za mwanzo naziacha zimwagike, bomba la gata nalichomoa kwenye tanki kwa mkono. Gata zenyewe nilifungiwa nyembamba, mvua kubwa inaziruka kama mbuzi. Nimezibadilisha.

---

Marahaba dada, asante. Nimempigia mama nikamsomea hesabu ya ndoo moja kwa mtu. Amecheka. Anauliza huyo wa Muscat nguo anafuliwa na nani, na kuku wake watakunywa nini. Kaka, fanya ndoo sita kwa siku kwa nyumba nzima, basi: 21,600. Naulizia bei ya matangi mawili ya 10,000 na moja la 2,000, lile lile la fundi.