Nimepima nyongo, nimekutwa na figo moja. Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nilikuwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, daktari akahisi ni mawe kwenye nyongo, akaniandikia ultrasaundi. Nyongo safi. Ila mpimaji alihamia kushoto, akanigeuza ubavu, akabonyeza tena na tena, kisha akauliza: "Uliwahi kutolewa figo?" Mimi hata kushonwa sijawahi!

Ya kulia ipo, kubwa kuliko kawaida. Ya kushoto haionekani. Kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) na presha viko sawa, mkojo hauna protini. Daktari anasema huenda nimezaliwa hivi, ila niache kumeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ovyo.

Wenye figo moja, mnapima kila baada ya muda gani? Sitiskani (CT scan) ni lazima, isije ikawa nyingine imejificha kwenye nyonga? Na wadogo zangu nao wapimwe?