Mrejesho: nilistaafu nikakosa cha kufanya, mkanishauri nijitolee

Habari zenu wadau. Mtakumbuka niliuliza mtu aliyestaafu afanye nini, maana nyumbani nilikuwa nazunguka tu toka kiti hiki mpaka kile, mke wangu akawa ananiambia "ofisi yako siku hizi imehamia jikoni kwangu". Wengi mkasema nikajitolee. Basi nimeenda, huu mwezi wa 4 sasa, nasaidia watoto kusoma maktaba.

Mwanzo nilichemka. Nilijifanya kijana nikakubali siku 5 kwa wiki, wiki ya 3 mgongo ukagoma, nimechoka kuliko nilivyokuwa kazini na mshahara hakuna! Nikamwambia mratibu ukweli, zikabaki siku 2, asubuhi tu. Aliyesema niulize masaa mapema alikuwa sahihi, sikumsikiliza. Halafu kabla ya kuniruhusu kukaa na watoto walinichunguza kwanza, wadhamini wawili na maswali kibao, nikanuna kidogo (yaani mimi wa kutiliwa shaka?) ila hao ni watoto wa watu bwana, wako sawa.

Kuna kabinti kalikuwa kakifika kwenye neno gumu kanalifunika kwa kidole halafu kanaruka. Juzi kametoa kidole kenyewe, kakasoma "mwanasheria" silabi moja moja, kakaniangalia. Mimi nikajidai natafuta miwani.

Ubosi bado haujanitoka lakini, wiki iliyopita nimeanza kupanga upya rafu za watu bila kuombwa nikaambiwa mzee, tulia.