Tupeane uzoefu: planna ya kidijitali na kalenda ya simu, wewe unazitumiaje pamoja?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Huu uzi ni wa wale wanaotumia vyote viwili. Upande mmoja kuna planna ya kidijitali, lile faili la PDF lenye kurasa za mwaka, mwezi, wiki na siku zilizounganishwa kwa viungo (ukigusa kimoja unarukia ukurasa wake), unaloandikia kwa kalamu kwenye kishikwambi ndani ya programu kama GoodNotes, Notability au Samsung Notes. Upande wa pili kuna Google Calendar au kalenda ya Apple iliyoko kwenye simu yako.

Wanaoanza huuliza kwa nini usichague kimoja. Mimi naona kazi zake ni mbili kabisa. Kalenda inajua saa. Inapiga kengele, inapokea mwaliko, inarudia kikao cha kila Jumatatu bila kuambiwa tena, na aliyeitisha kikao akikisogeza, kwako nako kinasogea. Planna haijui hata kimoja kati ya hayo. Andika "daktari, saa nne" kwenye ukurasa wa PDF, saa nne itafika na kupita kimya. Ila ukurasa huohuo ndio unaokupa nafasi ya kufikiri: wiki hii kipi kina uzito, kipi kinaweza kungoja, kile kikao cha Alhamisi kinataka niandae nini na lini.

Utaratibu wangu: jambo lenye saa maalumu, au lenye mtu mwingine ndani yake, linaingia kwenye kalenda papo hapo, kabla sijaweka simu chini. Lisilo na saa linakwenda planna. Jumapili jioni nagawa skrini, kalenda huku na planna kule, nanakili kwa mkono miadi mikubwa tu, kisha nafasi zilizobaki nazipangia kazi. Naipenda sana hiyo nusu saa. Mkono ukiandika ndipo naona kwamba Jumatano imejaa mpaka pembeni, wakati kwenye kalenda niliipita Jumatano ileile mara nyingi bila kushtuka.

Haya, leteni ya kwenu.

Muuguzi wa zamu

Mleta mada, asante kwa uzi huu. Kwangu kalenda ni ya zamu. Ratiba ikitoka tu naingiza zote, kila aina ya zamu na rangi yake, na mume wangu nimemshirikisha kalenda hiyo kwenye simu yake. Hanipigii tena kuuliza naingia lini.

Shida iko kwenye planna. Nyingi zimetengenezwa kwa mtu wa ofisini: safu ya saa inaanza alfajiri na kuishia usiku wa mapema. Zamu yangu ya usiku inavuka siku. Kalenda inaielewa, naiandika mara moja kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi na inaonekana siku zote mbili. Kwenye planna inakatika katikati. Kwa hiyo nilihamia planna isiyo na tarehe. Ukurasa wangu unaanza ninapoamka, iwe alfajiri au alasiri, na tarehe naandika mwenyewe. Nawashauri wote wa zamu waanzie huko, msinunue yenye tarehe.

Mwanafunzi wa uzamili

Samahani wakuu, mimi mgeni. Nikibonyeza kiungo cha mwezi, kalamu inachora tu, ukurasa haufunguki. Faili langu ni bovu?

Mleta mada

Hapana ndugu, faili ni zima. GoodNotes ina hali ya kuandika na hali ya kusoma. Viungo hufunguka kwa mguso mmoja ukiwa kwenye kusoma. Tafuta juu alama ya kalamu iliyokatwa mstari, iguse, kisha jaribu tena.

Mratibu wa miradi

Mimi napingana kidogo na kunakili miadi. Nafanya kazi na watu wa Ulaya na Marekani, na saa zao hazibadiliki siku moja. Ulaya wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katikati ya hapo kuna majuma ambayo London na New York zinaachana kwa saa 4 badala ya 5. Kalenda inarekebisha yenyewe. Ulichonakili kwa wino kinabaki kama kilivyo, nawe unakiamini kwa sababu ni mwandiko wako.

Ndiyo maana kwenye planna siandiki saa kamwe. Naandika mfuatano: kabla ya kikao cha bajeti, malizia jedwali, baada ya kikao, tuma muhtasari. Nikitaka saa nafungua kalenda. Vikitofautiana, kalenda ndiyo yenye neno.

Mwalimu wa sekondari

Mratibu umenena. Mimi nimekwenda mbali zaidi: planna yangu naiandika siku ikishapita.

Kalenda inaonyesha kilichopangwa. Kipindi kikiahirishwa na usipokifuta, kitabaki pale milele kana kwamba kilifanyika. Ukiitazama mwezi uliopita unasoma nia, husomi kilichotokea. Basi jioni naandika kilichotokea kweli: kipindi kipi kilifundishwa, mada ipi ilikwama, kusahihisha madaftari kulichukua muda gani. Nikipanga muhula unaofuata natumia kurasa hizo, na vipindi vya kusahihisha naviweka kwenye kalenda kwa urefu wake halisi. Hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa na vyote viwili, kwa sababu kimoja kinasahihisha kingine.

Mdau mmoja

Naongeza la nakala rudufu. Kalenda huwa iko kwenye akaunti yako mtandaoni, na unaweza kuitoa kama faili la .ics, muundo uliowekwa mwaka 1998 na kuandikwa upya 2009, kalenda karibu zote zinausoma. Planna inategemea programu. Ukiitoa kama PDF itasomeka popote, ila mara nyingi mwandiko huwezi kuuhariri tena. Toeni nakala kila mwezi. Na punguzeni stika, ni picha hizo, zinalifanya faili kuwa zito.

Mwanafunzi wa uzamili

Viungo vimefunguka, shukrani sana. La mwisho: mwaka ukiisha mnafanyaje na kazi ambazo hazijakamilika?

Mleta mada

Matukio yanayojirudia kwenye kalenda usiyaguse, yanaendelea yenyewe mwaka mpya, isipokuwa yale uliyoyawekea tarehe ya mwisho. Planna ndiyo inayokwisha. Mimi napitia kurasa za miezi, kila kazi iliyobaki naiuliza kama bado naitaka. Ninayoitaka naiandika upya kwa mkono kwenye faili jipya, sibandiki, na kama ina siku ya mwisho naipa kengele kwenye kalenda palepale. Faili la zamani nalihifadhi kama PDF. Usilifute, utalihitaji kabla ya Machi.